Unyevu kwenye distributa: kabla hujatuma pesa, uliza gari linawaka saa ngapi



Msimu wa masika uliopita shemeji yangu aliyeko Tanga alinipigia simu, kwao saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwangu huku Uingereza saa kumi na nusu za usiku. Nanyi mnajua simu ya saa hizo kutoka nyumbani inavyomshtua mtu, kabla hujaipokea umeshawazika watu watatu. Kumbe ni gari. Ana Corolla ya miaka ya 90, ndiyo teksi yake, na ndiyo inayolisha nyumba. Siku ya nne hiyo gari linakataa kuwaka asubuhi, abiria wake wa asubuhi wameshaanza kuhamia kwa wengine, na fundi amekwisha toa hukumu: distributa imekufa, inatakiwa nyingine, nzima, na iagizwe Dar. Kiasi alichokitaja hakikuwa cha mchezo.

Nikamuuliza swali moja tu. "Shem, jua likishapanda, tuseme saa nne hivi, gari linawaka?"

"Linawaka, shem. Tena halina neno mpaka jioni."

"Basi distributa haijafa. Mfu hafufuki kila siku saa nne asubuhi."

Nimeona niandike kwa kirefu kidogo kwa sababu najua si mimi peke yangu ninayepokea simu za namna hii. Sisi huku wengi tunaendesha magari ambayo kila plagi ina koili yake na distributa haimo kabisa, kwa hiyo tumesahau, au wadogo zetu hawakupata kujua kabisa. Lakini nyumbani bado ziko nyingi, na wapo miongoni mwetu wanaotunza magari ya zamani kwa mapenzi tu (mimi mmojawapo, na mke wangu ana maoni yake juu ya jambo hilo). Mimi si fundi, shahada yangu haihusiani kabisa na injini. Niliyoyajua niliyajua kwa kulowa.

Tuanze na kazi yenyewe ya kile kidude. Betri ina volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka ule mwanya wa plagi ndani ya silinda iliyoshindiliwa hewa na petroli. Koili ndiyo inayozipandisha mpaka volti 20,000 na zaidi. Umeme huo unatoka kwenye koili kwa waya mmoja mnene, unaingia katikati ya kofia ya distributa, unapita kwenye kijiti kidogo cha kaboni, unateremkia kwenye rota, na rota inapozunguka inapita karibu na ncha za metali zilizopangwa kwa duara ndani ya kofia, moja kwa kila silinda. Hazigusani. Cheche inaruka kutoka rota kwenda ncha, kisha inafuata waya hadi plagi ya silinda ambayo zamu yake imefika. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde, na kila moja ifike mahali pake, si kwa jirani.

Sasa umeme wa volti nyingi namna hiyo una tabia moja: unatafuta njia rahisi ya kwenda kwenye bodi ya injini. Plagi ndiyo njia tuliyoipanga sisi. Ukiona nyingine iliyo nyepesi zaidi unaifuata hiyo, na plagi inabaki inasubiri. Utando mwembamba wa unyevu juu ya kofia, ndani au nje, ni njia nyepesi.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalizingatii, na ndilo lililonifanya niandike. Maji safi matupu hayapitishi umeme vizuri. Kinachopitisha ni vile vilivyoyeyuka ndani yake: vumbi la barabarani, masizi, mafuta machafu, na kwetu pwani, chumvi. Kofia nzima, safi, isiyo na ufa, ikipata mvua kidogo inavumilia. Kofia chafu haihitaji hata mvua. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka hewa inapofika unyevu wa asilimia 75 hivi, na nani asiyejua kwamba Tanga, Unguja, Mombasa, au Maskati wakati wa joto la kiangazi, usiku hewa inapita kiwango hicho bila hata tone moja kuanguka? Gari linalala nje karibu na bahari, lile tabaka la chumvi na vumbi juu ya kofia na waya linageuka kuwa utando wa maji ya chumvi, na asubuhi mwenye gari anaapa kwamba "wala mvua haikunyesha". Kweli haikunyesha.

Tena unyevu unachagua saa mbaya. Asubuhi unapopiga stata, stata inakunywa umeme mwingi, volti za betri zinashuka, na koili nayo inatoa nguvu pungufu. Yaani pale unapohitaji cheche kali kuliko wakati wote ndipo ilipo dhaifu, na ndipo unyevu ulipo mwingi. Ndiyo maana gari hilo hilo saa nne linawaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna lakini pia kidonda ambacho hakiponi kwa jua. Cheche ikipitia mara nyingi kwenye ule utando, inachoma plastiki ya kofia na kuacha mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli. Mstari huo ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme hata ikiwa kavu. Ukishauona mstari wa namna hiyo kati ya ncha na ncha, au kutoka ncha kwenda ukingo wa kofia, usihangaike kufuta, nunua kofia nyingine. Kofia, nasema, si distributa nzima.

Mimi haya nilijifunza kwa gari aina ya Mini, ile ya asili, niliyoinunua mkononi mwa mtu katika miaka ya 90 nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari kaskazini ya Uingereza. Gari hilo linafaa kuwa mfano wa darasani. Alec Issigonis alipoliunda, injini aliilaza kwa upana wa gari ili kuokoa nafasi. Katika magari ya majaribio kabureta ilikuwa mbele na distributa nyuma, upande wa abiria. Kabla halijatoka sokoni Agosti 1959 injini ikageuzwa, mbele ikawa nyuma. Sababu inayotajwa sana ni kwamba kabureta ikikaa mbele kwenye upepo wa baridi ilikuwa inaganda barafu. Basi kabureta ikapona, lakini distributa na plagi zikajikuta zimekaa mbele kabisa, nyuma tu ya grili, zinatazamana na mvua ya Uingereza ana kwa ana. Baadaye waliongeza ngao ya kukinga maji, lakini langu lilikuwa limepita mikono mingi na ngao hiyo, kama iliwahi kuwapo, haikuwapo tena.

Usiku mmoja wa Novemba tulikuwa tunavuka milima ya Pennines kwa barabara ya M62, mimi, mke wangu, na mtoto wetu wa kwanza ambaye alikuwa hajatimiza miezi mitano. Barabara ile hupanda mpaka mita 372, na mvua ya huko juu hainyeshi kutoka juu, inakuja kutoka ubavuni. Nikaingia njia ya katikati kulipita lori. Matairi ya malori yanarusha maji kama bomba, na gari letu dogo liliyapokea yote kwa kinywa wazi. Injini ikakohoa mara mbili, kisha kimya. Taa zinawaka, usukani unafanya kazi, lakini nguvu hakuna, na nyuma yangu taa za lori jingine zinakua. Nashukuru Mungu kwamba ilikuwa mteremko kidogo na upande wa kushoto palikuwa wazi, tukateleza mpaka ukingoni. Tulikaa pale dakika kama ishirini, mtoto analia, mke wangu hasemi kitu (heri angesema). Halafu nikajaribu kuwasha, likawaka mara moja. Joto la injini yenyewe lilikuwa limeikausha kofia.

Fundi niliyempelekea kesho yake aliniuzia plagi mpya nne na akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mvua iliyofuata likazima tena, mjini safari hii.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli. Akaniletea glovu ya mpira, zile za njano za kuoshea vyombo. Hesabu ndiyo iliyonifurahisha: waya nne za plagi na mmoja wa koili, jumla tano, na glovu ina vidole vitano. Unakata ncha za vidole, kila waya unapita kwenye kidole chake, na kiganja kinaifunika kofia kama barakoa. Wenye Mini wanaijua mbinu hii miaka mingi. Basi nikafanya, na mvua mbili tatu nikatamba.

Ila mimi nikazidisha. Nikaona kwa nini niache chini wazi, nikafunga glovu kwa raba na gundi juu yake, isiingie hata pumzi. Baada ya wiki mbili hivi, asubuhi kavu kabisa, gari likakataa. Nikafungua, ndani ya kofia kuna matone kama ya kwenye kioo cha bafu.

Hili linahitaji maelezo, manake ndilo kosa la watu waangalifu. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Injini ikiwa moto, hewa iliyo ndani ya distributa ina joto na ina mvuke wake. Ukizima usiku kila kitu kinapoa, hewa ile haiwezi tena kubeba mvuke uliokuwamo, na mvuke unageuka maji juu ya kuta za kofia. Distributa inayopumua hutoa unyevu huo kidogo kidogo. Uliyoiziba inaufuga. Isitoshe, cheche zinazoruka humo ndani zinazalisha ozoni na gesi za naitrojeni, na gesi hizo zikikutana na unyevu zinakuwa asidi ambayo inakula ncha za metali. Ndiyo maana distributa nyingi zina kitundu au mwanya mdogo wa kupumulia, na ndiyo maana jeshi la Marekani lilipotaka jipu za kuvuka maji, kama ile M38, halikutosheka na kuiziba distributa, liliipa na bomba la kupumulia lililoungwa na njia ya hewa ya injini. Kwetu kitundu hicho mara nyingi nimekikuta kimejaa grisi na matope. Kizibue kwa kijiti, usikizibe.

Na hapo hapo niseme juu ya kuvuka madimbwi. Distributa ya moto ikizamishwa ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia mwanya wowote inaoupata. Inakuwa kama bomba la sindano. Kwa hiyo ukilazimika kuvuka maji ya kufika injini, ni afadhali usimame ikapoe kidogo, ukavuka polepole, kuliko kuyavamia kwa kasi eti upite haraka.

Sasa tiba. Ya kwanza ni kitambaa, na ni ya bure. Toa kofia, lakini kabla hujachomoa waya wowote tia alama kila mmoja, kwani zamu za injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2 na ukizichanganya utadhani umeharibu kitu kingine. Kausha ndani na nje kwa kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi. Juani nusu saa panatosha. Huku sisi tunatumia mashine ya kukaushia nywele. Futa rota pia, na shingo ya koili, mahali ambapo watu husahau kila siku. Wakati unafuta, angalia kofia kwenye mwanga, igeuzegeuze: ufa mwembamba kama unywele, au ule mstari mweusi niliousema. Angalia vipira vya mwisho wa waya. Vikiwa vimekauka na kupasuka maji yanaingia hapo kwanza.

WD-40 wengi mnaijua. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na herufi mbili za mwanzo za jina lake zinamaanisha hivyo hivyo, kuondoa maji. 40 ni jaribio la arobaini lililofanikiwa. Inafanya kazi nzuri kandoni mwa barabara. Inasukuma maji, gari linawaka, unafika nyumbani. Ila mambo mawili. Ukipulizia ndani ya kofia, iache wazi dakika kadhaa na uifute kabla ya kufunga, maana mvuke wake unawaka moto na humo ndani ndimo mnamoruka cheche; kofia inaweza kukurukia usoni. Na petroli usiitumie kusafishia kabisa, nimeona watu wakifanya hivyo. La pili, ule utando unaobaki unashika vumbi, na vumbi ndilo tulilokuwa tunalikimbia. Kwa hiyo WD-40 ni ya dharura. Kuipulizia kila asubuhi kwa miezi sita ni kujenga tabaka jipya la uchafu.

Kinachodumu ni grisi ya silikoni, ile isiyopitisha umeme. Kiasi kidogo tu ndani ya kila kipira, mwisho wa waya, upande wa kofia na upande wa plagi. Si kwenye ncha za metali, si kwenye rota. Inaziba mahali maji yanapopenyea na haikauki haraka. Kuna pia dawa za kupulizia zinazokauka kama vanishi juu ya kofia na waya. Ni nzuri kama ulisafisha kwanza. Ukipulizia juu ya uchafu umeufungia uchafu ndani kwa kufuli.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda, ingawa kinataka adabu. Usiku, penye giza, injini inanguruma, fungua boneti na unyunyize maji kidogo sana, kama ya kunyunyizia maua, juu ya waya na kofia. Penye kuvuja umeme utaona vimimweko vya bluu vinatambaa, na injini itaanza kuchechemea. Simama mbali, usiguse kitu, mikono mfukoni. Volti zile haziulizi elimu ya mtu. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asijaribu kabisa.

Turudi Tanga. Nilimwambia shemeji asimruhusu fundi aagize chochote, atoe kofia mwenyewe, aipige picha ndani na nje, anitumie. Picha zikaja. Nje kuna ukoko mweupe wa chumvi na vumbi jekundu. Ndani matone, na mstari mweusi mmoja mfupi kutoka ncha ya silinda ya tatu. Na ule mpira wa kuziba kati ya kofia na mwili wa distributa haupo. Nikamuuliza gari anaoshea wapi. Akasema kuna vijana wana pampu ya presha, kila Jumamosi wanamwoshea mpaka injini, inang'aa. Nikamwuliza huo mpira ulitoka lini, akanyamaza kidogo, akasema kuna siku fundi alifungua "kuangalia tu".

Tulinunua kofia, rota, na mpira wake. Waya tulizisafisha tukazitia grisi, tukaahidiana kuzibadilisha mwakani. Injini haioshwi tena kwa pampu. Ikibidi, distributa inavikwa mfuko wa nailoni, na mfuko unatolewa gari likishakauka. Masika iliendelea mpaka mwisho wa Mei na gari likawa linawaka saa kumi na moja alfajiri. Fundi alinuna wiki moja, halafu akapiga simu mwenyewe kuniuliza ile grisi inapatikana wapi.

Nawasilisha.